Asali na Mbegu ya Dume: Historia ya Dai Moja la Sokoni Kamembe

Katika soko la Kamembe, chupa ya asali huuzwa pamoja na maneno. Muuzaji hatosheki kusema kwamba asali yake ni tamu, au kwamba imetoka pembezoni mwa msitu wa Nyungwe. Husema pia kwamba ni dawa ya mwanamume. Akijua kuwa mteja wake ni mfugaji, huongeza kwamba hata dume la mbuzi au la sungura likilambishwa asali kila siku litazalisha vizuri. Mimi niliyekulia Kamembe nimelisikia dai hilo kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Mashi, kwa sababu biashara ya mji wetu haijawahi kuishia mtoni Rusizi. Inavuka kwenda Bukavu na kurudi.

Insha hii haikusudii kumcheka muuzaji wala kumtangaza. Nataka kuuliza swali la kihistoria: dai hili limejengwa kwa vitu gani, na kila kitu kiliingia lini? Hoja yangu ni kwamba dai hili linaunganisha mambo matatu ya nyakati tofauti: heshima ya kale ya asali katika nchi yetu, elimu ya tiba iliyotumia asali kubebea dawa, na sayansi ya karne ya 20 kuhusu mbegu za madume. Kila moja lina ukweli wake. Lakini ukweli wa moja hauthibitishi mengine, na mfugaji asiyetofautisha hupoteza fedha na msimu.

Nguvu si mbegu

Nianze na lugha, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo haya. Hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo lenyewe. Mgumba ni mtu asiyepata mtoto. Tasa ni asiyezaa, na mara nyingi neno hili hutupiwa jike: mwanamke, ng'ombe, mbuzi. Maneno haya ni makali na tunayaepuka katika mazungumzo ya heshima, lakini yanaonyesha kwamba wazee walijua kuwa tendo ni jambo moja na uzazi ni jambo jingine.

Msemo wa sokoni, "nguvu za kiume", umefuta mipaka hiyo. Fahali anaweza kupanda majike kwa nguvu asubuhi na jioni ilhali shahawa zake hazina mbegu hai za kutosha. Kinyume chake, dume mzee mwenye kilema cha mguu anaweza kushindwa kupanda, ingawa mbegu zake ni nzima kabisa. Dawa inayoamsha hamu haiongezi mbegu, na lishe inayoimarisha mbegu huenda isibadilishe hamu hata kidogo. Anayesema "asali inaongeza nguvu" hajasema lolote kuhusu uzazi mpaka aulizwe: nguvu ipi?

Mkanganyiko huu una gharama nyingine. Kwa kuwa dume mwenye hamu huonekana mzima, lawama humwendea jike. Mbuzi jike huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu "hashiki mimba", naye dume aliyempanda huendelea kuzungushwa katika kaya nyingine.

Asali ya Kinyaga

Kabla ya kuitwa Cyangugu, na baadaye Rusizi, sehemu kubwa ya eneo letu ilijulikana kwa jina la Kinyaga. Ni nchi ya mlima na ziwa: upande mmoja Kivu, upande mwingine msitu wa Nyungwe. Msitu huo ulikuwa mzinga mkubwa. Wavumvu, yaani wafugaji wa nyuki kama tunavyowaita kutokana na neno la Kinyarwanda abavumvu, waliweka imizinga ya kusuka au ya magogo juu ya miti, wakarina asali kwa moshi.

Asali haikuwa chakula cha kawaida tu. Ilikuwa miongoni mwa vitu vya thamani vilivyotolewa kwa watawala kama ikoro, pamoja na mazao na kazi za mikono. Ilitiwa katika pombe za heshima kama inturire na inkangaza. Mgeni aliyepewa kinywaji chenye asali alijua amepokewa vizuri.

Nilizungumza na wavumvu wazee watatu wa upande wa Bweyeye, karibu na msitu. Wote walitaja asali kama zawadi, kama kinywaji na kama dawa ya kikohozi na vidonda. Nilipowauliza kuhusu kumpa dume wa mbuzi asali ili azalishe, walisema habari hiyo waliisikia ukubwani, kutoka kwa wauzaji. Wazee watatu si ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba desturi hiyo haikuwepo popote. Hata hivyo, ushuhuda wao unanifanya niitenge heshima ya asali na dai la uzazi wa madume. Kitu kinaweza kuwa cha thamani kubwa katika utamaduni bila kuwa dawa ya kila jambo.

Hata uhusiano wa asali na ndoa katika maneno yetu unahitaji kuangaliwa. Kinyarwanda cha leo kina ukwezi kwa buki, "mwezi wa asali", ambao ni tafsiri ya msemo wa Kifaransa. Kiswahili kwa jambo hilohilo kina fungate, neno linalohesabu siku saba na lisilotaja asali hata kidogo. Tusione msemo uliotafsiriwa tukadhani ni hekima ya mababu.

Serikali ya kikoloni nayo iliutazama msitu kwa jicho lake. Nyungwe ilifanywa hifadhi ya msitu mwaka 1933. Kuanzia hapo mrina asali aliyezoea kuingia alianza kutazamwa kama mvamizi. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya msitu, na moshi wa warina asali ulitajwa miongoni mwa vyanzo vya moto wa aina hiyo. Baada ya Nyungwe kuwa hifadhi ya taifa, wavumvu walihimizwa kujiunga katika vyama vya ushirika na kuweka mizinga nje ya mpaka. Mwaka 2023 msitu huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo chupa inayouzwa Kamembe kwa jina la Nyungwe ina historia nzito kuliko lebo yake. Kadiri dai la dawa linavyopandisha bei, ndivyo kishawishi cha kurina ndani ya mpaka kinavyoongezeka.

Majuni, kisha maziwa ya malkia

Jambo la pili katika dai letu ni la tiba. Waislamu wa Kamembe wanaijua Sura ya Nyuki katika Kurani, inayotaja tiba katika kile kinachotoka kwa nyuki. Katika tiba ya Kigiriki na ya Kiarabu, asali ilitumika kwa karne nyingi kubeba dawa nyingine: mizizi na mbegu zilisagwa, zikachanganywa na asali, zikawa majuni. Asali ilizuia kuoza na kuficha uchungu. Miongoni mwa majuni hayo yalikuwamo ya kuamsha hamu. Mpaka leo chupa ya sokoni mara nyingi ina tangawizi au habasoda ndani yake. Basi tukisikia kwamba "asali" imemsaidia mtu, inafaa tuulize ni asali au ni kilichobebwa na asali. Tena, habari hizi zinamhusu binadamu na hamu yake, si fahali na mbegu zake.

Kilichobadilisha mambo ni ugunduzi kuhusu nyuki wenyewe. Mswisi François Huber, aliyekuwa kipofu na aliyefanya kazi kwa macho ya msaidizi wake, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1792, na jina la Kifaransa la chakula cha malkia linahusishwa naye. Kwa Kiswahili tunakiita maziwa ya malkia. Lava wa kike akilishwa chakula hicho mfululizo huwa malkia, naye hutaga mayai kwa maelfu; dada yake aliyeachishwa mapema huwa kibarua na kwa kawaida hatagi. Mwaka 1845 Jan Dzierzon alieleza kwamba nyuki dume hutokana na yai lisilorutubishwa. Dume huyo hana baba, na akifanikiwa kumpanda malkia angani hufa papo hapo.

Biashara ilichukua nusu tu ya habari hizo. Ilisema: kama chakula hiki kinamfanya malkia atage maelfu, basi kitamfanya na mwanamume azalishe. Katika miaka ya 1950 maziwa ya malkia yaliuzwa kwa kishindo Ulaya, hasa baada ya kuenea habari kwamba Papa Pius XII alipewa alipokuwa mgonjwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1980 Romania ilitoa bidhaa iitwayo apilarnil, iliyotengenezwa kwa lava wa nyuki dume. Hapo mantiki ilikuwa ya moja kwa moja zaidi: dume kwa dume. Lakini kufanana si sababu. Malkia huwa malkia kwa sababu ya mwili wa nyuki, na mbuzi si nyuki.

Yai, sukari na oksijeni

Hata hivyo, kosa la mantiki halimaanishi kwamba jibu ni uongo. Jambo la tatu ndilo zito zaidi, na lilikua mbali na mizinga.

Mwitaliano Lazzaro Spallanzani alifanikiwa kumpa mimba mbwa jike bila dume kumpanda, karibu na mwaka 1780. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi Ilya Ivanov aliifanya njia hiyo kuwa kazi ya ufugaji, hasa kwa farasi. Kenya ilianza uhimilishaji wa ng'ombe mwaka 1935, na kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946. Sababu kubwa ya kuanza huko inafaa kukumbukwa: kulikuwa na magonjwa ya uzazi yaliyoenezwa na mafahali kutoka jike hadi jike. Tatizo la dume lilieleweka kwanza kama tatizo la ugonjwa, si la upungufu wa nguvu.

Ili mbegu isafiri kutoka kituoni hadi kwa mfugaji, ilihitaji kimiminika cha kuihifadhi. Mwaka 1940 Wamarekani Phillips na Lardy walionyesha kwamba kiini cha yai huilinda mbegu ya fahali. Mwaka 1946 Thaddeus Mann, huko Cambridge, alitambua kwamba sukari kuu katika shahawa ni fruktosi. Mwaka 1949 Polge, Smith na Parkes waligundua kwamba gliserini huiwezesha mbegu kuvumilia kugandishwa.

Hapa asali inaingia kwa mlango wa halali. Takriban asilimia 38 ya asali ni fruktosi na asilimia 31 ni glukosi. Mtu aliyesoma kazi ya Mann angeweza kujiuliza: kwa nini tusitie asali kidogo katika kimiminika cha kuhifadhia? Watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu hivyo kwa mbegu za mafahali, kondoo na wengineo. Neno muhimu ni "kidogo". Asali ni nzito kwa sukari, na ikizidi huvuta maji kutoka ndani ya mbegu na kuiua. Kinachoisaidia mbegu kwa kiasi kidogo huiangamiza kwa kiasi kikubwa.

Sababu ya pili ni oksijeni. Mwaka 1943 John MacLeod alionyesha kwamba oksijeni nyingi hudhoofisha mwendo wa mbegu za binadamu. Baadaye ilieleweka kwamba ngozi ya mbegu ina mafuta yanayoharibika haraka kwa oksijeni, kama samli inavyochacha. Gundi ya nyuki, chavua na asali zina kemikali zinazopunguza uharibifu huo. Hii ndiyo sababu ya kweli ya watafiti kuzijaribu. Haihusu malkia, wala haihusu nguvu.

Sungura wa Misri

Jaribio la kumlisha dume mazao ya nyuki linahitaji mnyama mdogo, wa bei nafuu na anayezaa haraka. Misri ilikuwa na sungura, na ilikuwa na tatizo: joto la kiangazi hupunguza ubora wa mbegu, kwa kuwa korodani zinahitaji kuwa baridi kidogo kuliko mwili. Mwaka 2011 Attia na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapa sungura chavua, na mwaka 2014 El-Hanoun na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapa sungura madume maziwa ya malkia wakati wa joto. Katika kazi zote mbili wanyama waliopewa walikuwa na shahawa bora kuliko wasiopewa. Huko Uturuki, mwaka 2013, apilarnil iliwahisha dalili za ujogoo kwa vifaranga madume wa nyama, lakini haikuwaongezea ukuaji.

Basi je, muuzaji wa Kamembe amethibitishwa? Sidhani, kwa sababu tatu.

Kwanza, vitu si vilevile. Waliopimwa walipewa chavua au maziwa ya malkia, siyo asali ya chupa. Maziwa ya malkia hayapatikani kwa urahisi katika mzinga wa asili. Hutolewa katika seli za malkia zilizotayarishwa makusudi, takriban siku ya tatu, na kila seli hutoa kama robo ya gramu tu. Kisha yanahitaji baridi.

Pili, kipimo. Katika jaribio la mwaka 2014 kipimo kilifikia miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa wiki. Sungura wa kilo 3 anahitaji miligramu 450, yaani seli mbili hivi. Kwa hesabu hiyohiyo, fahali wa kilo 400 angehitaji gramu 60 kwa mara moja, yaani seli 240. Hakuna mvumvu wa Bweyeye wala wa Bugarama anayeweza kumlisha fahali namna hiyo, na kijiko cha asali si mbadala wake.

Tatu, muda. Mbegu ya fahali hutengenezwa kwa siku zipatazo 61, ya kondoo dume siku 47 hivi, na ya sungura karibu wiki saba. Baada ya hapo inahitaji siku kadhaa zaidi ili ikomae. Chochote anacholishwa dume leo hakiwezi kuonekana katika mbegu za kesho. Kwa hiyo anayeona dume wake "amebadilika" siku ya pili baada ya asali ameona hamu, au ameona sukari ikimpa mnyama nishati. Hajaona uzazi.

Inatuhusu nini

Wanafunzi wenzangu wanaweza kuuliza kwa nini nimeandika kurasa hizi kuhusu kijiko cha asali. Jibu langu liko katika zizi. Mwaka 1994 mifugo mingi ya Rwanda iliangamizwa pamoja na wenye mifugo. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, uliipa kaya maskini ng'ombe mmoja, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani. Tunaita kwitura. Katika mpango huo dume asiyezalisha si hasara ya mtu mmoja. Ng'ombe asiposhika mimba, jirani anayesubiri naye anabaki bila ng'ombe. Hali ni hiyohiyo kwa mbuzi: mara nyingi dume mmoja huhudumia kaya nyingi za kilima kimoja, na ubovu wake hujulikana baada ya msimu mzima kupita.

Sasa tuchukue mfano wa dume mwenye bruselosi. Ugonjwa huu unaweza kuvimbisha korodani na kumfanya asizalishe; majike hutupa mimba, na binadamu huambukizwa kwa maziwa mabichi au kwa kushika mimba iliyotupwa. Mwenye mali akiamini kwamba tatizo ni nguvu, atanunua asali. Wiki nane zitapita dume akizungushwa, na ugonjwa utazunguka naye. Wakenya wa mwaka 1935 walilijua jambo hili: anza na ugonjwa. Gharama ya kumwita daktari wa mifugo inaonekana kubwa mpaka ulinganishe na msimu uliopotea wa kilima kizima.

Sisemi asali haina kazi. Mazao ya nyuki yana historia ya kweli katika maabara ya uzazi, na majaribio ya sungura yanastahili kurudiwa katika nchi yetu, kwa chavua na gundi ya nyuki za hapa, na kwa mbuzi wetu. Mfugaji wa sungura ndiye aliye karibu zaidi na ushahidi uliopo, na kipimo chake kinawezekana. Kuna pia faida isiyotajwa sokoni: nyuki huchavusha maua ya kahawa, maharage na miti ya malisho. Mzinga uliowekwa kando ya shamba humlisha dume kwa njia ndefu lakini ya uhakika, kwa kuwa dume aliyeshiba vizuri hutoa mbegu bora kuliko dume mwenye njaa aliyelambishwa asali.

Waswahili husema, fuata nyuki ule asali. Katika kufuata historia ya dai hili nimefika Nyungwe, Geneva ya Huber, Cambridge, Kabete na Misri, na kila mahali nimekuta sehemu ya ukweli ambayo muuzaji ameiweka ndani ya chupa moja. Kazi yetu sisi tunaosoma kwa Kiswahili ni kuzitenga tena sehemu hizo kwa lugha ambayo mfugaji wa Kamembe anaielewa: nguvu ni nguvu, mbegu ni mbegu, na ugonjwa ni ugonjwa. Mfugaji akishajua hayo, anunue asali yake kwa sababu ni tamu.